Kovu la Holden Caulfield

Wahenga walinena kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Methali hiyo ni ufunguo mwema wa riwaya ya Kimarekani iitwayo The Catcher in the Rye, ambayo J. D. Salinger aliitoa mwaka 1951. Msimulizi wake, Holden Caulfield, ana umri wa miaka 17, na anaeleza yaliyomfika mwaka uliotangulia, alipotangatanga mjini New York baada ya kufukuzwa shule. Wasomaji wamekigombania sana kitabu hiki. Lakini kwa muda mrefu waligombania ulimi wa kijana, wala si jeraha lake.

Mwaka 1960, mjini Tulsa katika jimbo la Oklahoma, mwalimu mmoja aliachishwa kazi kwa kuwasomesha wanafunzi riwaya hiyo. Alikata rufani akarudishwa, lakini kitabu kiliondolewa shuleni. Walioshitaki walihesabu maneno machafu. Waliotetea walimsifu Holden kuwa mwasi achukiaye unafiki wa wakubwa. Pande zote mbili zilimsikia kijana mwenye kelele, na aghalabu hazikumwona mtoto mwenye hofu.

Hata hivyo hofu hiyo haikufichwa. Holden ana kiu ya kuwa karibu na watu, lakini kila mlango unapofunguliwa hurudi nyuma. Humkumbuka Jane Gallagher, msichana aliyezoea kucheza naye dama, na mara kwa mara hutaka kumpigia simu; kisha huahirisha. Hotelini alikubali kuletewa kahaba, lakini alipoingia chumbani kijana alishikwa na huzuni, akaomba wazungumze tu. Mwalimu wake wa zamani, Bwana Antolini, alimpa malazi. Usiku Holden alizinduka akakuta mwalimu huyo anampapasa kichwa gizani, akatoroka huku akitetemeka.

Hapo ndipo anapotamka jambo zito kwa maneno machache: kwamba vitendo vya namna hiyo vilikwisha kumpata mara kama ishirini tangu utotoni. Halifafanui, hulitaja na kupita.

Wala hilo si jeraha pekee. Ndugu yake, Allie, alikufa kwa saratani ya damu mwaka 1946. Holden, aliyekuwa na miaka 13, alivunja madirisha ya banda la gari kwa ngumi hata mkono ukaumia. Akalazwa hospitali, na mazishi yakampita. Wazazi walikusudia kumpeleka kwa tabibu wa nafsi kwa sababu ya vioo vilivyovunjika. Hakuna mahali riwaya inapowaonyesha wakiketi naye kumlilia marehemu. Basi mtoto alijifunza mambo mawili mapema: apendwaye huweza kuondoka ghafula, na mkono wa mkubwa huweza kusaliti. Aliyejifunza hayo si ajabu akiogopa kupenda na kuguswa.

Maarifa ya utabibu yaliifuata riwaya kwa nyuma. Mwaka 1962 C. Henry Kempe na wenzake walichapisha makala mashuhuri juu ya watoto wanaopigwa na walezi wao; mwaka 1974 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia mateso ya watoto; na mwaka 1980 chama cha matabibu wa akili wa nchi hiyo kiliyaingiza maradhi yatokanayo na misiba mikubwa katika orodha yake rasmi. Tangu hapo wasomaji walipata maneno ya kuyataja yale ambayo Holden aliyapita mbio.

Lakini yafaa kuwa na hadhari. Riwaya haisemi ni nani, wala lini, wala wapi. Mhakiki anayeziba pengo hilo kwa dhana amekuwa hakimu asiye na shahidi. Na anayeliruka kana kwamba halipo amerudia kosa la wazazi walioviona vioo tu.

Njia ya katikati imo ndani ya kitabu chenyewe. Siku moja baba wa kambo wa Jane alikuja kuulizia sigara. Msichana hakumjibu, na chozi lake likadondoka juu ya ubao wa dama. Holden alihama akaketi kando yake. Baadaye alimwuliza kama mtu huyo aliwahi kujaribu kumfanyia ubaya. Jane akasema hapana, na Holden hakumshurutisha. Kijana asiyeweza kulisimulia jeraha lake aliliheshimu chozi la mwenzake, ingawa hakujua limetoka wapi.