Star Wars: Nixon, Vietnam na Kikuyu kilichosikika angani

Mkenya anayeangalia Return of the Jedi kwa mara ya kwanza anaweza kujikuta anarudisha filamu nyuma ili asikilize tena.

Ni kwenye pambano la mwisho. Ndani ya chombo cha Millennium Falcon, pembeni ya rubani Lando Calrissian, amekaa Nien Nunb, kiumbe mwenye masikio makubwa na mashavu yanayoning'inia. Anaongea harakaharaka, Lando anamjibu kwa Kiingereza. Kwa mtazamaji wa Marekani hiyo ni lugha ya sayari ya mbali. Kwa mtu wa Nyeri au Kiambu, kumbe jamaa anaongea Kikuyu!

Sauti hiyo ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani, ambaye alichanganya Kikuyu na Kikalenjin. Hakupewa maneno ya kubuni. Aliongea lugha za watu, zenye maana yake kamili, na filamu ikazipitisha kama lugha ya anga za mbali.

Haikuwa mara moja tu. Fundi wa sauti Ben Burtt alitengeneza lugha ya Jawa, wale vijitu wenye makoti ya kahawia wanaookota roboti jangwani, kwa kuanzia Kizulu kilichoharakishwa. Lugha ya yule jambazi mnene, Jabba the Hutt, ina asili yake kwenye Quechua, lugha ya watu wa milima ya Andes huko Amerika Kusini.

Ukicheka au usicheke, inategemea umekaa wapi. Na si kwa lugha peke yake. Filamu hizi za Star Wars, zilizoanza mwaka 1977, zimejaa mambo ya dunia hii, ila zimevalishwa nguo za angani.

Hata sayari ya jangwa anakotoka shujaa Luke Skywalker ni ya hapahapa Afrika. Inaitwa Tatooine, na kusini mwa Tunisia kuna mji unaoitwa Tataouine. Filamu ya kwanza ilipigwa Tunisia mwaka 1976, na nyumba ya Luke iliyochimbwa ardhini ni hoteli halisi katika mji wa Matmata.

Himaya ni nani?

Hapa ndipo utani unapogeuka mzito. Mtazamaji wa kawaida akiona askari wa Himaya wenye mavazi meupe, wanaoitwa stormtrooper, na maofisa wenye sare za Kijerumani, anasema: hawa ni Manazi. Hajakosea. Jina stormtrooper lilikuwa la askari wa Ujerumani tangu Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha la wanamgambo wa Hitler.

Lakini mwongozaji George Lucas alikuwa na nchi nyingine pia kichwani. Alipoanza kuandika hadithi hii mwaka 1973, Marekani ilikuwa inajitoa Vietnam baada ya vita virefu. Katika maandishi yake ya wakati huo aliilinganisha Himaya na Marekani ya miaka kumi mbele, dola lenye mashine kubwa linalopambana na kikundi kidogo cha wapigania uhuru. Miaka mingi baadaye, mwaka 2018, akihojiwa na mwongozaji mwenzake James Cameron, alikubali waziwazi kwamba waasi wake walitokana na Viet Cong.

Kabla ya hapo Lucas alikuwa kwenye mpango wa kuongoza filamu ya Vietnam yenyewe, Apocalypse Now. Ikaishia mikononi mwa rafiki yake Francis Ford Coppola, ikatoka 1979. Ndani yake Harrison Ford, yuleyule Han Solo, anacheza ofisa wa jeshi anayeitwa Lucas. Utani wa marafiki huo.

Sasa rudi kwenye Return of the Jedi. Ewok, wale viumbe wadogo wenye manyoya kama midoli ya dubu, wanalishinda jeshi lenye mashine za kutembea kwa miguu. Silaha zao ni magogo, mawe, kamba na mitego ya msituni. Watu wengi waliwacheka Ewok kwamba ni wa kitoto mno. Hata hivyo Wamarekani walijaa kumbini wakawashangilia, miaka minane tu baada ya Saigon kuanguka. Kwa maneno mengine, walikuwa wanashangilia mtego wa kijijini dhidi ya jeshi lililochorwa kwa kuwatazama wao. Bila yale manyoya, huenda filamu hiyo isingepita kirahisi.

Mwanasiasa, si mchawi

Mtawala Palpatine naye ana mtu nyuma yake. Lucas amewahi kusema kwamba kielelezo cha Palpatine kilikuwa Richard Nixon, rais wa Marekani aliyejiuzulu Agosti 1974 kwa kashfa ya Watergate.

Filamu tatu za 1999 hadi 2005 zinaonyesha alivyopanda. Ya kwanza inaanza na mgogoro wa kodi za njia za biashara, jambo lililowachosha watoto waliokuja kuona mapanga ya mwanga. Lakini tazama filamu ya 2002. Palpatine anataka mamlaka ya dharura, na anayesimama kwenye Seneti kutoa hoja hiyo ni nani? Jar Jar Binks, mchekeshaji anayejikwaa kila hatua! Haitaji mapinduzi ya kijeshi, anahitaji mtu mwema asiyeelewa anachokitia saini. Mwaka 2005 Seneti inapiga makofi uhuru wake ukiondoka. Ujerumani ilishaona jambo kama hilo Machi 1933, bunge lilipompa Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila bunge.

Jar Jar huyohuyo ndiye kichekesho kilichoshindwa vibaya kuliko vyote. Mwaka 1999 wakosoaji walilalamika kwamba lafudhi na mwendo wake vinawakejeli watu weusi wa Karibiani. Lucas alikana. Ila ndiyo hatari ya kuokota sauti za watu halisi na kuwapa viumbe wa kuchekwa: mwenye sauti naye yumo ukumbini.

Vichekesho vinavyofaulu zaidi ni vya walio chini. Roboti C-3PO na R2-D2, wanaogombana safari nzima, wametokana na wakulima wawili wabishi katika The Hidden Fortress, filamu ya Akira Kurosawa wa Japani ya mwaka 1958. Na kuna yule stormtrooper wa 1977 aliyejigonga kichwa mlangoni kwa bahati mbaya mbele ya kamera. Hawakumkata. Toleo la DVD la 2004 likamwongezea mlio wa kugonga.

Filamu yarudi Ikulu

Machi 23, 1983, Rais Ronald Reagan alitangaza mpango wa ngao ya kuzuia makombora ya nyuklia ya Wasovieti. Kesho yake Seneta Ted Kennedy akaudhihaki kwa kuulinganisha na Star Wars, na jina likaganda hadi leo. Hadithi iliyoanza kama lawama kwa mashine za kivita za Marekani ikawa jina la utani la mashine mpya ya kivita ya Marekani.

Lucas hakufurahi. Kampuni yake ilikwenda mahakamani kuzuia makundi ya kisiasa yasitumie jina hilo kwenye matangazo ya televisheni. Mwaka 1985 ikashindwa: jaji alisema watu wakibishana kuhusu sera hawauzi bidhaa, hivyo hawavunji haki ya alama ya biashara.

Bidhaa zenyewe zilibaki kwa Lucas. Haki za midoli alishazishika mapema, na Krismasi ya 1977 kampuni ya Kenner, ambayo midoli haikuwa tayari, iliuza boksi lenye cheti cha kuahidi kwamba itakuja baadaye. Wazazi walinunua.