Kengee na risasi: historia ya silaha mbili katika milima ya Kivu

Mwezi Julai 1896 jeshi la Rwanda liliteremka hadi Shangi, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu, si mbali na mahali ulipojengwa baadaye mji wa Bukavu. Maofisa wa Dola Huru ya Kongo, dola ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, walikuwa wamesimika kituo hapo chini ya Luteni Sandrart, pamoja na askari wao wa Kiafrika. Wanyarwanda waliongozwa na Bisangwa, mmoja wa majemadari waliotukuka enzi za Mwami Rwabugiri, aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Watu wake walibeba mikuki, pinde na ngao, silaha zile zile zilizompa Rwabugiri kisiwa cha Ijwi. Siku hiyo hazikufua dafu. Risasi ziliwaangusha kabla ya mkono kupata nafasi ya kurusha mkuki, na Bisangwa mwenyewe akafia hapo. Mwaka 1897 Ramsay, ofisa wa Kijerumani, alipofika kwenye baraza la mwami wa Rwanda, alipokelewa bila vita.

Ukisimulia kisa hiki mbele ya wapenda silaha, watakuambia jibu ni rahisi: bunduki ni silaha bora kuliko mkuki. Watu wa namna hii wako kila pembe ya dunia. Ulaya na Marekani wapo mafundi wanaofua panga za zama za kati kwa mkono, na wapo wanaokusanya bastola na bunduki za kale. Wakikutana hupima uzito, ukali wa makali, umbali wa shabaha na kasi ya kupiga. Ni elimu yenye thamani, na mimi naiheshimu. Lakini kwa sisi tuliozaliwa kwenye milima hii, kipimo hicho kinaacha nje jambo kubwa kuliko yote. Mkuki ulizaliwa hapa. Bunduki ilikuja na tumbo lake, na chakula chake kilibaki mikononi mwa watu wa mbali. Historia ya silaha katika Kivu ni historia ya chakula hicho, yaani baruti na risasi.

Chuma cha nyumbani

Uhunzi katika nchi za Maziwa Makuu una umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mwanaakiolojia Jean Hiernaux, aliyechimba Rwanda, Burundi na Kivu katika miaka ya 1950, ni miongoni mwa waliochunguza mabaki ya watu hao wa kale: vyungu vya mtindo wa Urewe, mabaki ya matanuri na mavi ya chuma, yale makapi meusi yanayobaki baada ya kuyeyusha mawe.

Kazi yenyewe ilitaka watu wengi. Wapo waliochimba mawe yenye chuma, wapo waliochoma makaa, na wapo vijana waliokaa kwenye mivukuto ya ngozi ya mbuzi wakipuliza hewa tanurini kwa saa nyingi bila kupumzika. Kilichotoka humo hakikuwa chuma safi, bali bonge lenye matundu lililochanganyika na takataka. Mhunzi alilirudisha motoni na kulipiga mara kwa mara juu ya fuawe mpaka takataka ziruke na chuma kishikane. Ndipo alipovuta kengee, akainyoosha kati ili isipinde inapogonga mfupa, akaukunja mguu wake kuwa tundu la kupokea mpini. Tanuri hilo hilo lilitoa jembe la kulimia, kisu cha jikoni na shoka la msituni. Mahari nyingi za eneo hili zililipwa kwa majembe na kwa ng'ombe.

Mkuki wa namna hiyo ulikuwa na mwenyewe. Watu walijua aliyeufua, walijua baba aliyeurithisha, na damu ikimwagika walijua waulize nani. Tena haukuhitaji kitu kingine. Ukivunjika mpini, mti wa kukata mwingine ulikuwa kando ya njia. Ukipinda, mhunzi alikuwa kijiji cha pili. Podo likiisha mishale, watoto waliweza kutumwa kuiokota. Hakuna mfalme wa mbali aliyeweza kuagiza mikuki ya Bushi, nchi ya Bashi hapa Kivu, iache kuchoma.

Bunduki za Pwani

Bunduki zilianza kuwafikia majirani wa magharibi kwa njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, alijenga nguvu zake Maniema, na Kasongo na Nyangwe ikawa miji ya wafanyabiashara wa Pwani. Dunia ilikuja kujua bunduki zilifanya nini huko kupitia maandishi ya David Livingstone. Tarehe 15 Julai 1871, alipokuwa Nyangwe, watu wenye bunduki walifyatua risasi katikati ya soko lililojaa akina mama kando ya Mto Lualaba. Aliandika kuwa Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, kwa risasi na kwa kuzama.

Nyingi za bunduki hizo zilikuwa makuukuu ya Ulaya. Majeshi ya huko yalipohamia bunduki za kujazwa kwa nyuma, za zamani ziliuzwa kwa bei ya chini na kupakiwa melini kuja Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki zipatazo 80,000 hadi 100,000 zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka.

Ukiitazama gobore kwa karibu utaelewa kwa nini haikuushinda mkuki siku ya kwanza. Mpigaji aliisimika kitako chini, akamimina baruti mtutuni kwa kipimo cha pembe, akatia kitambaa, akashindilia kwa mdeki, akadondosha gololi ya risasi, akashindilia tena. Kisha alinyunyiza baruti laini kwenye kibakuli cha pembeni, akavuta mtambo wenye jiwe la gumegume na kuomba cheche iwake. Askari aliyefunzwa vizuri aliweza kupiga mara mbili au tatu kwa dakika. Mvua ikinyesha, na kwetu hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, baruti iliyolowa haikuwaka. Katika muda huo mpiga upinde alikuwa amekwisha kutoa mishale kadhaa, kimya, bila moshi wa kumwonyesha alipo.

Kilichowakuta watu wa Bisangwa kilikuwa kizazi kingine. Askari wa Dola Huru walibeba Albini, bunduki ya Kibelgiji iliyojazwa kwa nyuma kwa kiasi cha shaba, chenye baruti, fataki na risasi pamoja. Hakuna kushindilia wala kunyunyiza. Hapo ndipo mizani ilipoinama. Ila kiasi kile hakuna mhunzi wa milimani aliyeweza kukifua.

Sheria ya Brussels

Wakubwa wa Ulaya walilielewa jambo hilo mapema. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliosemwa kuwa ni wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na sura nzima ya silaha. Ilikataza kuingiza bunduki, hasa zenye mtutu wa mifuo na za kisasa, katika eneo lote lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta, kutoka Atlantiki hadi Bahari ya Hindi. Waafrika waliachiwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo, na baruti ya kawaida ya biashara, tena kwa masharti. Za kisasa zilibaki kwa serikali za kikoloni na kwa watu waliopewa kibali.

Ni kweli kwamba bunduki ziliendesha biashara ya watumwa, na kuizuia kulikuwa na haki ndani yake. Lakini mkono uliofunga mlango wa bunduki kwa Waafrika ndio uliozifungulia mlango kwa majeshi ya Leopold. Kati ya 1892 na 1894 majeshi hayo, chini ya Dhanis, yaliwavunja watu wa Pwani huko Maniema. Miaka sita tu baada ya mkataba, risasi zililia Shangi.

Wapo Waafrika waliojaribu kuuvunja utegemezi huo kwa ufundi. Afrika Magharibi, wahunzi wa mtawala Samori Touré waliweza kunakili bunduki za Kifaransa za kupiga mfululizo, kipande kwa kipande, kwa nyundo na tupa. Ni fahari kubwa ya uhunzi wa Afrika. Hata hivyo viasi vya kuzilisha vilibaki kuwa shida yao hadi Samori alipokamatwa mwaka 1898. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, na mtegemea baruti ya adui hana hata ndugu wa kumlilia.

Ukoloni ulipokaa vizuri, na Bukavu ikawa mji uliopewa jina la Costermansville mwaka 1927, utaratibu uliendelea kwa karatasi. Machifu na wawindaji wachache waliruhusiwa gobore za fataki kwa kibali. Uhuru nao haukubadili msingi wa sheria: ile inayotawala silaha Kongo, ya tarehe 3 Septemba 1985, inataka kila mwenye silaha ya moto awe na kibali cha mamlaka.

Maji dhidi ya risasi

Mwaka 1964 waasi wa Simba walianza vita wakiwa na mikuki, mishale na mapanga. Walinyunyiziwa dawa, wakafundishwa miiko, na wengi waliamini kuwa wakilitaja jina la Pierre Mulele, kiongozi wa waasi, risasi zitageuka maji. Askari wa serikali nao waliamini, na mara nyingi walitupa bunduki wakakimbia. Hivyo ndivyo Simba walivyopata bunduki zao nyingi za mwanzo. Uvira ilianguka mwezi Mei, Kindu mwezi Julai, na mwezi Agosti waliingia Bukavu. Hapa walikutana na askari wa Kanali Léonard Mulamba ambao hawakukimbia. Mji ukabaki mikononi mwa serikali, na jina la Mulamba likavuma nchi nzima.

Imani hiyo haikuzuka Kongo peke yake. Mwaka 1905 watu wa kusini mwa Tanganyika waliingia vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani kwa tumaini lile lile. Mimi sikubali kuwa ulikuwa ujinga mtupu. Watu hao walitambua mahali hasa nguvu ya adui ilipokaa. Walielekeza dawa yao kwenye risasi, kwa sababu risasi ndiyo kitu ambacho mikono yao haikuweza kukitengeneza. Tiba haikufaa, na wengi walilipa kwa roho zao.

Miaka mitatu baada ya vita vya Simba, mji huu uliona somo hilo kwa upande wa pili. Agosti 1967 mamluki wa Kibelgiji Jean Schramme aliiteka Bukavu akiwa na wazungu zaidi ya mia moja na mamia ya askari wa Katanga. Walikuwa na mafunzo mazuri kuliko jeshi lililowazunguka. Wakashikilia mji karibu miezi mitatu. Lakini njia za kuleta risasi zilifungwa, na msaada uliotarajiwa kutoka Angola chini ya mamluki mwenzake Bob Denard haukufika. Mwanzoni mwa Novemba walivuka Ruzizi kuingia Rwanda na kunyang'anywa silaha. Waliondoka na uhodari wao wote. Kilichowaishia kilikuwa viasi.

Maganda yana anwani

Leo, katika misitu ya Shabunda na Bunyakiri, mafundi bado hutengeneza bunduki za kuwindia kwa chuma chakavu na mbao, kazi ya mkono ambayo wahunzi wa kale wangeitambua. Hata hizo hulishwa kutoka mbali. Kwa miaka mingi viasi vya kaliba 12 vilivyosambaa Afrika ya Kati vimetoka kiwanda cha MACC cha Pointe-Noire, Kongo-Brazzaville. Vikundi vingi vya kujilinda vilianza na mikuki, mapanga na bunduki za aina hiyo, kisha vikahamia Kalashnikov. Tangu hapo vikahitaji kulishwa, na mwenye kulisha hudai chake: dhahabu, koltani, vizuizi vya barabarani, vijana wa kijiji.

Watu wa Bukavu wanaijua bei hiyo. Tuliilipa Oktoba 1996, siku alipouawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa. Tuliilipa Juni 2004 mji ulipotekwa na maofisa waasi Nkunda na Mutebutsi, na Februari 2025 mji ukabadilika mikono tena. Kila mara mitaa imebaki na maganda. Liokote moja uligeuze: kwenye kitako chake, kuizunguka fataki, mara nyingi kuna alama ndogo zilizogongwa, namba ya kiwanda na mwaka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, wanaofuatilia vikwazo vya silaha vilivyowekwa na azimio 1493 la Julai 2003, huzisoma alama hizo ili kujua risasi ilizaliwa wapi. Kivu haijawahi kuwa na kiwanda cha risasi. Kila ganda lililoangukia mitaa yetu lilivuka mpaka, ziwa au anga, na kuna mtu aliyelipwa lipite.

Kwa hiyo nawaomba wapenda silaha wa mji huu, wale wanaoweza kutaja aina ya bunduki kwa mlio wake, waiongezee elimu yao swali moja. Baada ya kuuliza inapiga umbali gani, waulize inalishwa na nani. Nawaomba pia walimu wa historia wawafikie wahunzi wazee ambao bado wako hai na kuandika kazi yao, maana hao ndio warithi wa watu wa mwisho waliojitengenezea silaha bila kuwa na deni kwa mtu. Na kwa wanaokaa kwenye meza za mazungumzo, wanaohesabu bunduki zilizorudishwa mbele ya kamera: Kalashnikov moja hudumu miaka hamsini, risasi hutumika mara moja. Bunduki zilizoko Kivu hatutazimaliza upesi. Risasi zinazozilisha lazima ziletwe upya kila mara, kwa njia zinazojulikana na watu wanaojulikana. Amani itakayofunga njia hizo itadumu kuliko ile inayokusanya vyuma tu.