Mavi ya Ngombe na Haki ya Shamba: Historia ya Mbolea katika Bushi

Kila mutu mwenye amepanda kutoka Bukavu kwenda Kabare ao Walungu ameona mupango huu: nyumba iko katikati, migomba imeizunguka, maharagi yako chini ya migomba, na mbali kidogo, kwenye mutelemuko, kuko mashamba ya mihogo. Chini ya migomba udongo ni mweusi. Hatua hamsini tu kutoka hapo, udongo ni mwekundu na mihogo ni myembamba. Wageni wengi wanafikiri kwamba wazee walitafuta kwanza pahali penye udongo muzuri, kisha wakajenga hapo. Kumbe ni kinyume. Udongo mweusi wazee hawakuukuta, waliutengeneza. Waliutengeneza kwa mavi ya ngombe, majivu, maganda ya ndizi na mikono ya wamama, mwaka kwa mwaka.

Siku hizi wengi wanazungumza juu ya mbolea ya mifugo kama kitu kipya chenye kilikuja na miradi na semina. Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha kwamba kwetu Bushi ni desturi ya zamani, na kwamba desturi hiyo haikuanguka kwa sababu watu walisahau namna ya kuifanya. Ilianguka kwa sababu ngombe alipoteza malisho, na mulimaji akapoteza uhakika wa shamba.

1. Ngombe alikuwa mubebaji

Bushi iko juu ya Ziwa Kivu, na ziwa lenyewe liko kwenye mita 1.460. Sehemu kubwa ya udongo wetu ilitoka katika mawe ya volkano, lakini ni udongo wa zamani sana. Mvua imeuosha na umekuwa na asidi. Udongo wa namna hiyo unafunga fosfori, na mumea hauipati hata kama iko. Usipopewa kitu cha kuoza, unachoka haraka. Wazee hawakujua neno asidi, lakini dawa waliijua.

Muchana ngombe, ule tunamwita enkafu katika Mashi, alikula majani ya kilima, ya bonde na ya mashamba yenye yalikuwa yanapumuzika. Jioni alirudi nyumbani. Usiku aliacha mavi na mukojo juu ya majani yenye walimutandikia. Asubuhi, mara nyingi wamama na mabinti ndio waliondoa yale yote kwa kitunga, wakayapeleka kwenye shina za migomba. Hivi ngombe alichukua nguvu ya kilima kizima, akaileta kwenye kipande kidogo karibu na nyumba. Kwa hiyo, hesabu ya mbolea ilianzia kwenye malisho. Bila kilima cha kulisha, migomba nayo haikupata kitu.

Ndiyo maana tunakosea tukisema ngombe alikuwa kitu cha mahari na heshima tu. Mutu mwenye hakuwa na ngombe aliweza kufuga ngombe wa mwingine: alipata maziwa, na mavi yalibaki kwake. Hata hilo lilikuwa mali.

2. Kalinzi na bwasa

Kuko jambo la pili lenye halionekani kwa macho. Katika desturi yetu, mutu aliyetaka shamba la kudumu alilipa kalinzi kwa mwami ao kwa mukubwa mwenye kusimamia udongo, mara nyingi ngombe ao mbuzi. Shamba la kalinzi watoto waliliriti. Lakini mutu mwenye hakuweza kulipa aliomba bwasa: alilima kwa muda mufupi, pengine musimu mumoja, akatoa malipo yake, kisha akarudisha. Juu ya bwasa hakuruhusiwa kupanda migomba wala miti, kwani mumea wa kudumu ni alama ya mwenyeji.

Sasa tujiulize: nani atabeba vitunga vya mbolea juu ya shamba la bwasa? Mavi ya ngombe hayamalizi kazi yake katika musimu mumoja. Yanaoza polepole, na faida inaendelea miaka miwili ao mitatu. Mwenye kubeba mwaka huu angemunonesha mwenye kulima kesho. Basi mbolea yote ilikwenda kwenye kalinzi, na udongo wa bwasa ulibaki mwekundu. Tunaweza kusema kwamba rangi ya udongo wa Bushi ni kama kitabu cha haki za udongo: kule haki ilikuwa ya kudumu, mbolea ilifika.

3. Namna malisho yalipungua

Ngombe za Bushi zilipata mapigo mengi. Kunako mwaka wa 1890, sotoka ilipita katika inchi za Maziwa Makuu na kuua ngombe bila hesabu. (Ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umekwisha duniani katika mwaka wa 2011.) Lakini ngombe wenye kufa kwa ugonjwa wanaweza kuzaliwa tena kama majani yangali yako. Pigo la malisho ni gumu zaidi.

Katika mwaka wa 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, na vilima vingi vilipewa wakoloni kwa kupanda kahawa, kwinini na chai. Mashamba yale yenye yalikuwa yanapumuzika, na ngombe kula ndani yake, yalihesabiwa kuwa udongo wa bure. INEAC ilianzishwa katika mwaka wa 1933, na kituo chake cha Mulungu kilichunguza mimea ya milima yetu. Kisha watu walilazimishwa kuchimba mifereji ya kuzuia mumomonyoko. Wazee waliichukia kazi hiyo kwa sababu ya amri na faini. Tuseme ukweli: mufereji unasaidia kushika udongo. Lakini kuushika si kuulisha.

Kisha uhuru, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilifanya udongo wote kuwa mali ya Serikali. Wenye kujua njia za ofisi walipata karatasi, na walimaji wengi wa desturi wakabaki kati ya mwami na karatasi ya mwingine. Watu nao waliongezeka, mashamba yakagawanywa kati ya watoto, na hakuna tena shamba lililolala. Mwishoni, tangu 1996, vita vilimaliza ngombe wengi wenye walibaki: waliibiwa, wakachinjwa, wakauzwa.

4. Mbolea ndogo ya leo

Watu wa Bushi hawakukaa tu. Mahali pa ngombe, nyumba nyingi leo zina nguruwe, mbuzi, kuku, sungura na kobayi. Kobayi wanaishi jikoni, wanakula majani, na hawaonekani mbali kama ngombe. Wakati wa kukimbia, mama anawabeba ndani ya kikapu. Mavi yao ni makavu na mazuri, lakini ni kidogo.

Kwa sababu ni kidogo, lazima yachungwe. Mavi mabichi yenye kutupwa juani yanapoteza nguvu yake hewani, na mvua inachukua sehemu ingine. Mukojo usipotee, kwani una azoti nyingi na sehemu kubwa ya potasi: tuutandikie majani makavu yaunywe. Kisha tupange lundo chini ya kivuli, kwenye paa la majani ya mugomba: majani makavu, mavi, majani mabichi kama tithonia ile yenye maua ya manjano kando ya barabara, udongo kidogo, na kurudia. Lundo zuri linapata moto, hata digri 60, na moto huo unaua mbegu za majani mabaya. Tulipindue kila wiki mbili ao tatu, tulinyweshe kama limekauka. Kisha miezi mitatu ao minne harufu ya mavi inaisha, na mukononi ni kama udongo wa pori.

Tani kumi kwa hektari ni kilo moja kwa kila mita mraba. Kwa shamba la mita 20 kwa 30, ni kilo 600, na kobayi hawafikishi hapo. Kwa hiyo afazali kuweka mbolea ndani ya shimo la mbegu, konzi moja moja, kuliko kuitawanya. Mwenye kuwa na uwezo wa kununua mbolea ya viwanda aiongeze, lakini kwenye udongo wetu wa asidi mbolea hiyo inafanya kazi vizuri zaidi ikikuta kitu chenye kuoza.

5. Neno kwa wenye udongo

Ufundi basi uko. Kinachokosa ni kile wazee walikipata ndani ya kalinzi: uhakika. Wasomaji wengi wa kitabu hiki wanakaa mujini na wana kipande cha udongo kijijini, chenye mama fulani analima kwa bwasa. Kila mwaka tunalalamika kwamba shamba letu halizai tena. Tumuandikie huyo mama karatasi ya miaka mitano ao sita, mbele ya mwenye kilima na mashahidi, tusimuongezee malipo kwa sababu mavuno yake yamekuwa mazuri. Hapo ndipo kitunga cha mbolea kitafika mbali na nyumba, mpaka kwenye udongo mwekundu.