Daftari la Dukani

Mwaka juzi mimi nilijiona mchumi. Nilikuwa nimepata kazi Mwanza, mshahara si haba kwa kijana asiye na mke, na kila nikienda Bariadi kumwona mama nilikuta jambo moja linaloniudhi: daftari. Duka la mtaani kwetu lina daftari la jalada gumu, na ndani yake jina la mama lilikuwa na ukurasa wake. Sukari robo. Mafuta ya mia tano. Sabuni kipande. Mwisho wa mwezi analipa, keshokutwa anaanza upya.

Nikakaa na kalamu. Sukari robo ilikuwa shilingi 800, yaani kilo ni 3,200, na mimi kwenye supamaketi ya Mwanza nilikuwa naipata kwa 2,800. Mafuta ya kupima ndiyo usiseme. Nikamwambia, "Mama, unaibiwa kwa vijiko." Toka mwezi ule nikawa nanunua vitu vya mwezi mzima Mwanza, napakia kwenye basi, vinapita Lamadi mpaka Bariadi. Kwenye karatasi nilikuwa naokoa kama shilingi 15,000. Nikatembea kifua mbele.

Mwezi wa tano mshahara ukachelewa. Wiki moja, mbili, tatu... Mama akaishiwa unga, akaenda dukani. Mzee wa duka akamwamkia vizuri tu, kisha akasema, "Mama Kulwa, daftari lako nililifunga. Siku hizi ninyi ni watu wa Mwanza." Akamuuzia kilo moja kwa hela aliyokuwa nayo mkononi, basi. Mama hakuniambia. Aliyeniambia ni mdogo wangu, tena kwa kunicheka.

Nikapeleka mashtaka kwa babu. Babu ni mkulima wa pamba wa siku nyingi, nami nilitegemea aniunge mkono. Akaniuliza swali moja tu: "Hiyo mizani ya Mwanza uliiona?" Sikumwelewa. Ikabidi nikae chini anisimulie, na mengine nikayatafuta mwenyewe kwenye vitabu.

Kumbe usukumani ugomvi wa duka ulianzia kwenye mizani. Enzi za Mwingereza mnunuzi wa pamba mara nyingi ndiye huyo huyo mwenye duka. Mkulima anafika na pamba yake, inapimwa, analipwa, anageuka upande wa pili wa kaunta kununua chumvi na kaniki, na hela inarudi ilikotoka. Mizani ilikuwa ya mnunuzi, na wakulima walilalamika kwamba inawapunja. Kukopa nako kulikuwa na mkosi wake: sheria ya kikoloni ilisema mfanyabiashara akimkopesha Mwafrika bila kibali cha afisa wa serikali, hawezi kumdai mahakamani. Eti ilikuwa kumlinda mwenyeji! Aliyetaka kukopesha akabaki na njia mbili, kumwamini mtu au kuiwekea jicho pamba yake ingali shambani.

Paul Bomani alikuwa kijana wakati huo. Mwaka 1947 alishika kazi katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, ili mtu ajue uzito wa pamba yake kabla hajaifikisha kwa mnunuzi. Kutoka hapo ukazaliwa mwaka 1955 muungano wa vyama uitwao Victoria Federation, mmojawapo wa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Babu anasema baba yake alijiunga kwa sababu ya mizani tu. Siasa zilikuja baadaye.

Sasa hapo ndipo hadithi inaponikamata koo, maana wazo langu la kununua kwenye duka moja kubwa lenye bei nafuu lilishawahi kuwa wazo la taifa. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, biashara ya jumla ikashikwa na serikali. Mwaka 1973 ikaundwa Tume ya Bei, na kila mkoa ukawa na kampuni yake ya biashara, RTC. (Bariadi wakati huo ilikuwa mkoa wa Shinyanga, Simiyu ni mkoa wa juzi tu, 2012.) Kisha mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: vijijini maduka ya watu binafsi yafungwe, nafasi yake ichukuliwe na duka la kijiji. Sababu haikuwa ya kijinga hata kidogo. Wenye maduka walikuwa wanapandisha bei watakavyo, na mwanakijiji hakuwa na pa kukimbilia. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa.

Shida ni kwamba mahali pengi la zamani lilifungwa kabla jipya halijapata mali. Babu anakumbuka duka la kijiji chao lilikuwa na orodha ya bei ukutani, imeandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa, sukari, sabuni, khanga. Kwenye shelfu kulikuwa na viberiti na dawa ya viatu. "Sukari ilikuwa bei rahisi kuliko wakati wowote," anasema babu. "Ila haikuwepo."

Serikali ikapunguza kasi ya operesheni ile, lakini baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 hali ikawa mbaya nchi nzima. Foleni. Ulanguzi. Sabuni ikawa zawadi ya harusi. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ikaja kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi, na wapo waliotupa mali zao usiku kwa hofu. Mwaka 1984 milango ikaanza kufunguliwa: mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuleta bidhaa, ruzuku ya sembe ikaondolewa. Akaja Mzee Mwinyi na enzi za ruksa. Viduka vikaota kama uyoga. Bei ikapaa, watu wakalia, lakini sukari ikaonekana, na ikaonekana kwa robo.

Na hizo supamaketi zenyewe? Mtindo wa mteja kujichukulia vitu mwenyewe na kwenda kulipa mlangoni ulianzia duka moja la Memphis, Marekani, mwaka 1916. Kabla ya hapo hata Wamarekani walisimama mbele ya kaunta kama mama yangu, wakiomba wapimiwe. Kwetu makampuni makubwa yalikuja na mataa na vigari vya kusukuma, lakini hayakudumu. Shoprite iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt mwaka 2014, Uchumi ikaondoka 2015, Nakumatt nayo ikaanguka haikupita miaka minne. Wateja wao hawakuwa na daftari lolote humo.

Sitaki nionekane namsafisha mzee wa duka. Robo yake ni ghali, hilo halina mjadala, na mwenye vijisenti vichache ndiye anayeumia zaidi kwa kuwa hana uwezo wa kununua mfuko mzima. Tena mizani yake ina jiwe dogo chini ya sahani ambalo sijalielewa mpaka leo. Lakini niliirudia ile hesabu yangu, na nikagundua nilisahau nauli ya mzigo kwenye basi, bodaboda kutoka stendi, na mchele ulioingia panya kwa kukaa mwezi mzima. Zile 15,000 zikabaki 4,000 hivi. Kwa 4,000 ndipo nilipouza ukurasa wa mama.

Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika nchini, Serikali ikatangaza bei elekezi. Nilikuwa nyumbani likizo, tukasikiliza redio na babu. Akacheka mpaka akakohoa. "Haya," akasema, "nenda nayo dukani hiyo bei." Nilienda kweli. Bei ya mzee wa duka ilikuwa juu ya ile ya redioni, lakini alikuwa ameficha kilo chache chini ya kaunta kwa ajili ya watu wa daftari. Mimi hakunipa.

Siku ile ile nikampelekea shilingi 50,000 ziwe akiba ya mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu ya kuomba radhi, akanikatisha. Akalamba kidole, akapekua, akafungua ukurasa mweupe na kuandika jina la mama juu yake. Kisha akanitazama juu ya miwani.

"Na wewe nikuandike?"

Nikamwambia aandike kiberiti kimoja.

"Kiberiti hatukopeshi, kijana," akasema.