Kusema Mara Mbili

"Aliniambia asema 'niko nakuya'." Hivyo ndivyo kijana wa Lubudi, mji wa saruji na reli kaskazini ya Kolwezi huko Kongo, anavyoweza kumsimulia mwenzake ahadi ya rafiki aliyechelewa. Mtu wa Unguja atacheka: kama aliambiwa, asema ya nini tena? Atacheka zaidi akisikia "banasema asema", maana wasemaji ni wengi na nafsi imebaki ya mmoja. Lakini asema hiyo si kitenzi tena. Imeganda, imekuwa kiungo.

Kicheko chenyewe kinamrudia. Kwamba ya mtu wa Unguja ni kuamba ya zamani, yaani kunena. "Alisema kwamba" nayo ni kusema mara mbili, ila uzee umeuficha mshono. Tena kijana yuleyule wa Lubudi, akizungumza Kiluba na bibi yake, hutanguliza amba, mzizi uleule wa kwamba. Waganda husema nti, Wabemba ati, Washona kuti, na eti ya pwani ni jamaa yao.

Jamaa, lakini tabia mbalimbali. "Eti anakuja," asemapo mtu wa Mombasa, msimulizi keshajitoa: asipokuja, lawama si yake. Asema haijitoi. Hupokea maneno na kuyafikisha, bila kuyaapia wala kuyatilia shaka. Kijana wa Nairobi yeye ana Sheng: "akanishow", kana kwamba neno ni kitu cha kuonyeshwa macho.

Lubudi kuna mlango mwingine, wa Kifaransa cha shuleni: "Alisema que..." Wazee wengi huona hapo uvivu. Mimi sioni. Mtafiti Vincent de Rooij, katika kitabu chake cha 1996 juu ya mazungumzo ya Kiswahili na Kifaransa huko Shaba (ndivyo Katanga, eneo la Lubudi, ilivyoitwa tangu 1971 hadi 1997), alieleza kwamba viungo vya Kifaransa kama mais, donc na puisque huingia kwa sababu sauti yake ni ngeni: sikio linashtuka na kujua hoja imegeuka. Nadhani que nayo hufanya kazi hiyo mpakani mwa maneno ya msimulizi na ya mwenzake.

Huko Marekani, tangu miaka ya 1980, vijana wamezoea kutanguliza maneno ya mtu kwa like, yaani "kama", na baadhi ya wenzao wa London husema this is me, "huyu ni mimi", kisha wakaigiza. Hapo ndipo tofauti inapokuwa kubwa. Baada ya like huenda lisifuate neno lililotamkwa kabisa: yaweza kuwa wazo, mguno, au uso uliokunjwa. Kiingereza kimeacha kusema, kikaazima kufanana. Kiswahili cha Lubudi kimelishika neno kusema lenyewe mpaka likasagika.

Basi msomaji, ukipita Lubudi ukasikia "banasema asema", usimsahihishe mtoto wa watu kabla hujaifuta kwamba kinywani mwako.