Zilipendwa redioni: kwa nini nyimbo ni zilezile?

Msata ni njia panda. Barabara ya lami ya kilomita 64 kutoka Bagamoyo inakutana hapo na barabara kuu ya Chalinze–Segera, na mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha hupita usiku na mchana. Kwenye vibanda vya chakula na ndani ya magari, redio nyingi hupiga zilipendwa. Msikilizaji makini hugundua jambo moja: wiki ikiisha, nyimbo zinaanza kujirudia.

Zilipendwa ni zipi?

Kwa kawaida jina hili hutumika kwa muziki wa dansi wa kuanzia miaka ya 1960 hadi 1980, pamoja na taarab ya zamani. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake: NUTA Jazz na Msondo, Mlimani Park na Sikinde, Maquis na Kamanyola, Tabora Jazz na Segere Matata. Tanga peke yake ilitoa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na kwa upande wa taarab Black Star na Lucky Star, makundi aliyoyaimbia Shakila.

Nyimbo zilihifadhiwa wapi?

Nchini hakukuwa na kiwanda cha kuaminika cha kufyatua santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), na nyimbo zikabaki kwenye kanda za maktaba yake, ambayo leo iko chini ya TBC. Waliotaka santuri walifuata Nairobi, kama alivyofanya Mbaraka Mwinshehe kabla ya kufariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979.

Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua mlango kwa redio binafsi. Redio hizo hazikurithi maktaba ya RTD. Nyingi zilianza na kaseti, kisha CD, kisha mafaili ya kupeana kwa flashi. Wimbo ulionakiliwa sana ndio unaopigwa sana, na ule ambao haukunakiliwa husahaulika hata kama ulitikisa kumbi enzi zake.

Urefu wa wimbo

Wimbo wa dansi huanza polepole kwa mashairi, kisha magitaa na tarumbeta huingia kwenye chemko. Kwenye santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mrefu ulikatwa sehemu mbili, moja kila upande. Redio yenye nakala ya upande mmoja humpa msikilizaji kisa bila chemko. Nyingine hukata wimbo kwa sababu ya matangazo.

Majina yanayochanganya

NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na sasa ni Msondo Ngoma. Mtangazaji asiyejua historia hiyo hudhani ni bendi nne. Wanamuziki nao walihamahama: Muhidin Gurumo alisikika NUTA, akaenda Mlimani Park ilipoanzishwa 1978, akapitia Safari Sound, kisha akarudi nyumbani Msondo.

Kwa nini hili ni muhimu?

Mirabaha ya hakimiliki hutegemea kumbukumbu ya kilichopigwa. Faili lililoandikwa "Zilipendwa 14" halimtambulishi mtunzi wala mwimbaji, na wajane na watoto wa wanamuziki hao ndio wanaokosa.

Redio ndogo inaweza kufanya nini?

Iandike kwa kila wimbo jina, bendi, mtunzi, mwimbaji na mwaka kama unajulikana. Iweke kikomo cha wimbo mmoja kurudiwa ndani ya wiki. Ipige wimbo hadi mwisho. Na iwaulize wazee: wengi bado wana santuri na kaseti kabatini, na wanakumbuka nani alipiga solo. Kanda huota ukungu na wazee huondoka. Kazi hiyo haifai kusubiri.