Jina Kwenye Kikapu: Lebo Ilikotoka, na Namna ya Kutengeneza Yako

Mwaka juzi nilikuwa Dar es Salaam kwa shughuli za familia, nikaingia kwenye duka moja la vitu vya zawadi. Kwenye rafu kulikuwa na vikapu vya mianzi. Nikashika kimoja, nikakigeuza kutazama kitako. Kitako kile nakijua. Ule ufumaji wa kupishanisha fito mbili mbili nauona kila siku ya mnada kwa akina mama wa kijiji ninachohudumia huku Songea. Kilikuwa kimefungwa kadi nzuri ya kahawia kwa uzi wa katani. Kadi ina jina la duka, na chini yake maneno kwamba kimefumwa kwa mkono na mafundi wa pwani.

Wa pwani! Na bei ilikuwa mara sita ya ile aliyolipwa mama aliyekifuma.

Sikugombana na mtu. Mwenye duka alinunua kitu kisicho na jina, akakipa jina. Nilipowasimulia akina mama wale, mmoja akaniuliza, "Sasa afisa, hicho kikaratasi ndicho kimeongeza bei?" Nikamjibu ndiyo, kwa sehemu kubwa. Hakuamini. Ndiyo maana leo nitaanza na historia, karatasi na gundi zitafuata. Wengi wetu tunaona lebo ni urembo wa watu wa mjini, kumbe hata babu zetu waliokaa kwenye njia za misafara walikuwa wakinunua kwa jina.

Fikiria nguo ya merikani. Katikati ya karne ya 19 misafara ilitoka Kilwa ikapita nchi yetu hii ya kusini kuelekea Ziwa Nyasa, na nguo ilikuwa ndiyo fedha. Kwa nguo walinunua pembe za ndovu na, ni lazima tuseme, walinunua watu. Nguo iliyotakiwa kuliko zote ilikuwa kitambaa kizito cha pamba isiyopaushwa, kilichofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja kwa merikebu kutoka bandari ya Salem. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na kitambaa kikabeba jina la nchi kilikotoka. Waingereza wakatengeneza cha kufanana nacho. Wanunuzi wa huku hawakuwa wajinga. Walikishika, walikivuta, wakasema hiki si chenyewe.

Kisha ikaja vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865. Pamba ikaadimika, shehena za Salem zikapungua, na vitambaa vya Uingereza na baadaye vya Bombay vikachukua nafasi. Watu waliendelea kuita merikani. Bibi yako akikutuma dukani ukamletee merikani, hajali imefumwa wapi. Yale makampuni ya Massachusetts yalijenga sifa kwa miaka mingi, kisha jina likawaponyoka likawa la kila mwenye kitambaa kizito cheupe. Shika jambo hili, tutakutana nalo tena karibu zaidi na nyumbani.

Wakati huohuo huko Ulaya wafanyabiashara walikuwa wakigombana kwa jambo la namna hiyohiyo. Mji wa Sheffield, Uingereza, ulisifika kwa visu. Ujerumani nako kulikuwa na mafundi wa visu, na baadhi ya visu vya Kijerumani vilikuwa vikiuzwa vikiwa na chapa ya Sheffield. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya alama za bidhaa. Kwa sheria hiyo bidhaa za kigeni zisingeweza tena kupita zikijifanya za Kiingereza, na bidhaa za Ujerumani zikawa zinaandikwa kwamba zimetengenezwa Ujerumani. Waingereza walitegemea mnunuzi akiona maneno hayo ataziacha. Wajerumani walikuwa wakiboresha kazi zao, na baada ya muda watu wakaanza kuyatafuta maneno yaleyale yaliyokusudiwa kuwaaibisha. Sisi tuna sheria yetu ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo inayokamata bidhaa bandia kwa sheria hiyo.

Mwaka huohuo wa 1887, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake Mombasa. Watu walimwita Abdulla. Kanga zake zilichapwa alama "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Sasa angalia alama iliwekwa wapi. Haikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya robota. Ilikuwa kwenye kanga yenyewe. Mwanamke akinunua, akafua, akavaa miaka mitatu mpaka ikapauka, jina bado lipo, na jirani yake analisoma kisimani. Tangazo la namna hiyo hulilipii kila mwezi.

Turudi Ruvuma. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Kama vijana wengi wa kusini alikwenda Tanga kwenye mkonge, kisha Dar es Salaam, akafanya kazi za mikono huku na kule. Mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, juu ya mbao laini za kukata mraba. Aliuza nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, ambako wageni walikwenda kununua mahitaji. Alikuwa na tabia moja nzuri: aliandika jina lake juu ya picha, kwa rangi ileile, kwa herufi kubwa. E. S. TINGATINGA.

Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi na polisi kwa bahati mbaya, baada ya kudhaniwa kuwa mhalifu. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Wanafunzi wake, wengi wao ndugu na watu wa nyumbani Tunduru, waliendelea na kazi, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Jina lake likageuka kuwa jina la aina ya picha. Leo picha ya twiga au chui ikiuzwa barabarani Arusha au Unguja, au kwenye duka la Ulaya, inaitwa tingatinga hata kama mchoraji hajui Tunduru iko upande gani. Na kwa kuwa picha zilizotoka mkononi mwake ni chache na zina thamani kubwa, wapo walioghushi sahihi yake.

Ndiyo merikani ileile imerudi. Lakini kuna tofauti moja ninayotaka uione. Kwa kuwa mzee yule aliandika jina lake, dunia inajua kwamba aina hii ya picha ilianzishwa na mtu wa Tunduru. Jina limetumiwa na wengi, hata hivyo chanzo hakijafutika. Kikapu chetu nilichokikuta dukani kilifutwa chanzo ndani ya safari moja ya basi.

Kwa nini sisi wa Songea hatuna desturi ya kuandika jina? Nina mawazo yangu, unaweza kunipinga. Sisi tumelelewa na gunia. Tumbaku, kahawa, mahindi, yote tumeuza kwa uzito na daraja. Ushirika wa Ngoni-Matengo ulianzishwa mwaka 1936 ili mkulima wa tumbaku asipunjwe, na ulifanya kazi kubwa. Lakini mahindi yako na ya jirani yakishamiminwa ghalani ni kitu kimoja, hakuna haja ya kujua mlimaji ni nani. Tukachukua akili hiyohiyo ya gunia tukaipeleka kwenye kikapu, ungo, mkeka na chungu. Hapo ndipo tunapopoteza, kwa sababu mnunuzi wa kitu cha mkono ananunua pamoja na mkono uliokifanya.

Sasa tutengeneze.

Nunua karatasi ngumu ya manila kwenye duka lolote la vifaa vya shule, rangi ya kahawia au nyeupe. Kata kadi za sentimita 5 kwa 9. Karatasi ya ukubwa wa A4 inakupa kadi 12. Toboa tundu kwa panchi, pitisha uzi wa katani au kamba nyembamba ya gome. Stika za kung'aa siwashauri kwa vikapu, hazishiki kwenye mianzi na zinaacha gundi.

Mbele weka jina la kikundi na jina la kitu chenyewe. Nyuma: kimetengenezwa kwa nini, kijiji, Songea, Ruvuma, namna ya kukitunza (kwa mianzi andika kifutwe kwa kitambaa kikavu, kisiachwe kwenye unyevu), na namba ya simu. Acha mstari mmoja mtupu ambao aliyefuma ataandika jina lake kwa kalamu. Mstari huo ndio wateja wengi husoma kwanza. Maneno yanayobaki vilevile yachongeshe mhuri wa mpira, utatumia miaka. Jihadhari tu na wino wa mhuri, ukilowa unachujuka.

Namba ya simu iwe laini ya kikundi. Kikundi kimoja nilichokisaidia tulichapa kadi 500, tarakimu moja ikakosewa, na kosa lilikuwa langu maana mimi ndiye niliyehakiki. Simu za wateja zikawa zinapokelewa na bwana mmoja wa Mwanza. Alikuwa mstaarabu, lakini vikapu hakuwa navyo.

Usiweke alama ya TBS kama hujapewa leseni yake, hata kama umeiona imependeza kwenye kadi ya mwenzako. Kikapu unaweza kukiuza bila alama hiyo. Wenye sabuni, asali au unga ndio waanze kuulizia mapema, anzieni SIDO. Mistari ya msimbo inayosomwa kwa mashine nayo subirini mpaka mnunuzi mkubwa aitake. Ikifika siku hiyo, namba zinazotolewa Tanzania huanza na 620. Jina la kikundi mkitaka liwe lenu kisheria, linasajiliwa BRELA kama alama ya biashara.

Yote hayo ni kadi, na kadi hukatwa kwa mkasi. Mwenye duka yule angekata yetu akafunga yake, kazi ya sekunde mbili. Kwa hiyo fanyeni kama Abdulla na kama Tingatinga: alama iwe mwilini mwa kitu. Chukueni kipande cha chuma, fundi awachomelee herufi mbili au tatu, ziandikwe kinyume kama za mhuri. Kipasheni moto, mgonge kwenye kitako cha kikapu. Chungu kiandikwe kabla hakijachomwa. Mkeka upewe mstari mmoja wa rangi ambao kikundi chenu peke yake kinautumia, upande uleule kila mara. Jaribuni chapa kwenye vipande vibovu kwanza, moto ukizidi mianzi inapasuka.

Nilipowaeleza hili akina mama, mweka hazina wao alisema wachuuzi wawili hawatanunua tena vikapu vyenye chapa. Huenda ni kweli. Kikundi kimeamua nusu ya vikapu vya msimu huu vipigwe chapa, nusu viende kama zamani, watazame. Ada ya shule haisubiri, na mimi sina mshahara wa kuwafidia.

Vikundi vingine mnaotaka kuchongesha mihuri kwa pamoja ili gharama ipungue, njooni ofisi ya kata siku ya mnada kabla ya saa nne. Njooni na jina lenu mmeliandika kwa mkono kwenye karatasi, na kitu kimoja mlichokitengeneza. Namba ya simu tutaihakiki watu watatu.